Mkonga Mrefu wa Upinde Wako

Yuniki mwanangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi kwenye upinde ni kuusawazisha kabla haujavutwa. Wanauning'iniza kwenye kidole, wanaongeza chuma mbele, wanapunguza nyuma, mpaka unatulia sawasawa kama mizani ya dukani, halafu wanafurahi. Lakini hakuna anayewinda kwa upinde ulioning'inia kwenye kidole. Ukiuvuta, bega linaingia kazini, mgongo unakaza, kiganja kinasukuma, na utulivu wote ule wa mwanzo hauna maana tena. Upinde hupimwa ukiwa umevutwa. Unafumba macho, unavuta, unalenga bila kuona, unasubiri pumzi ikae, ndipo unafumbua na kuangalia kiputo cha kipimamaji kimekimbilia upande gani. Hapo ndipo upinde unasema kweli.

Haya unayajua, na mkono wako unayajua kuliko wangu. Nimeanza nayo kwa sababu sikupata mlango mwingine wa kuingilia. Tangu asubuhi nimekuja chumbani kwako mara tatu kukuambia jambo, na mara zote tatu nimekuuliza kama umepakia soksi.

Habari za sweta, dawa, na kutokula vya barabarani mama yako ameshakueleza, na kesho stendi atakueleza tena. Sitaongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nina jioni hii tu ya kulisema.

Mchana nilikuona ukifunga mfuko wa upinde. Ulichukua mkonga mrefu, ile fimbo ya mbele, ukaufuta kwa kitambaa, ukauviringishia khanga ya mama yako ili usikwaruzike, ukauweka kwa heshima kama kitu cha kanisani. Ule mfupi ulio kwenye droo yangu hukuugusa. Na kwa nini uuguse? Uliponiuliza miaka ile, "Baba, huu mfupi ni wa nini?" nilikujibu, "Wa majaribio tu." Ule ulikuwa uongo, na ulizaliwa na uongo mwingine mkubwa zaidi.

Wageni wanaowinda kwa pinde hizi zenye magurudumu huiita stebilaiza. Sisi kambini tuliiita mkonga, kwa vile ile fimbo ya kaboni inatokeza mbele ya mshiko kama mkonga wa tembo, na chuma kizito kwenye ncha. Unakumbuka nilivyokufundisha kwa jembe. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote wa fizikia: niliwatoa nje, kila mmoja na jembe lake la shule, nikawaambia washike mpini mwishoni kabisa, wanyooshe, kisha wajaribu kuligeuza haraka kwa kiganja. Halikubali. Kisha washike karibu na chuma. Linageuka kama kijiko. Chuma ni kile kile, ila umbali umebadilika. Ukiongeza umbali mara mbili, ukaidi wa kugeuka unaongezeka mara nne. Ndiyo maana kipande kidogo cha chuma kwenye ncha ya fimbo ndefu kinatuliza upinde kuliko furushi la chuma karibu na mkono.

Ni fizikia safi. Nilikuwa na hakika nayo kabisa, na hakika hiyo ndiyo iliyoniharibu.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa niliacha kufundisha kwa misimu minne nikaenda kufanya kazi kwenye kambi ya uwindaji, huko huko unakokwenda kesho. Mkuu wa kambi alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amepata wageni wa pinde, na hakuwa na mtu wa kuzirekebisha zikichafuka vumbi au kupoteza ulinganifu barabarani. Akanikumbuka na majembe yangu. Nilikwenda, nikapewa hema na meza ya kazi, na nikapewa rafiki: Idi, Mrangi wa Kondoa, mfuata nyayo, mtu mwembamba asiyevaa kofia, aliyeweza kukuambia nyati amelala upande gani kwa kuangalia majani tu.

Idi hakuwahi kukaa darasani kwangu, kwa hiyo hakuniogopa. Siku nilipofunga mkonga mrefu kwenye upinde wa mgeni mmoja, ndio huo ulionao leo, alikaa juu ya ndoo akinitazama mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "mwenzetu unakwenda kuwinda nyati au kuvua samaki?"

"Hii ni sayansi, Idi."

"Sawa. Na hiyo sayansi yako ina mikono ya kusukuma matawi?"

Wapishi walicheka, mimi nikacheka pia. Nikamweleza habari ya umbali na ukaidi wa kugeuka. Alisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Nimekuelewa. Hapa uwanjani uko sahihi. Lakini huko ndani kuna vichaka. Kata hiyo fimbo, Mwalimu. Iwe shubiri moja na nusu, basi." Nikamwambia mgeni amepiga mishale sita ndani ya duara la kikombe kwa fimbo ile, na mimi siharibu kinachofanya kazi.

Vichaka vya Itigi huvijui bado. Sisi wa Hombolo tumezoea nchi iliyo wazi. Hata miiba yetu ina nafasi katikati. Kule matawi yamefumana kutoka magotini mpaka juu ya kichwa, na kila tawi linarudi pale pale ulipolitoa. Mtu aliye hatua kumi mbele yako humwoni. Unamsikia tu, na baada ya muda hujui kama unayemsikia ni mtu.

Yule mgeni wa fimbo ndefu alimpiga nyati jioni moja, kwenye uwazi, na mshale ukaingia nyuma kidogo ya panapotakiwa. Nyati akaingia vichakani. Sheria ya kazi ile ni moja: mnyama uliyemjeruhi humwachi. Asubuhi tukamfuata. Mwindaji bingwa wa kambi alitangulia na bunduki, mgeni nyuma yake, na mimi nyuma kabisa nimebeba upinde, kwa kuwa mgeni aliomba, ikiwezekana, amalizie mwenyewe. Idi aliambiwa aende upande wa kushoto, asimame kwenye njia ya wanyama, asitoke hapo kwa lolote, ili nyati asituzunguke.

Nilikuwa nimevaa kile kitanzi cha kiganjani kinachozuia upinde usianguke baada ya kufyatua. Sikuwa na sababu ya kukivaa. Niliona wageni wanakivaa, nikavaa.

Hatua ya kwanza mkonga ulinasa, nikautoa. Hatua ya tano ukanasa tena. Nadhani ilikuwa ya ishirini ulipoingia katikati ya matawi mawili yaliyopindana, chuma cha kwenye ncha kikapita upande wa pili na kugeuka kuwa kufuli. Nilivuta. Nilisukuma. Nilijaribu kuuzungusha niufungue, lakini mkono wa kulia haukufika mbele, na wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye upinde wenyewe. Kila nilipovuta, kitanzi kilikaza, na vidole vya kulia havikuweza kukifungua. Wenzangu walikuwa wamekwenda. Sikuthubutu kuita, maana nyati alikuwa mahali fulani na sikujua ni wapi.

Mwanangu, nimesoma na kufundisha mambo mengi, lakini sijui namna ya kukueleza dakika zile. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma, na hata kukaa chini sikuweza. Nilisimama nimenyoosha mkono kama mtoto aliyeshikwa na mtu mzima.

Idi alisikia matawi yakikatika pale ambapo hayakupaswa kukatika. Akatoka kwenye njia yake, akaja. Sikumwona mpaka uso wake ulipokuwa karibu na wangu.

"Tulia," akaninong'oneza. "Usivute." Akachomoa kisu, akaanza kukata kitanzi. Kilikuwa kigumu, cha ngozi iliyosokotwa. Alikata huku akitabasamu, wallahi alikuwa anatabasamu. "Nilikuambia nini kuhusu kuvua samaki?"

Kitanzi kilikatika. Nilimsikia nyati kabla sijamwona, akitokea kushoto, kwenye njia ile ile Idi aliyoiacha. Idi alinisukuma kwa kifua chake. Pembe iliingia pajani kwake na kumwinua. Bunduki ikalia mara mbili.

Nilipoinuka, upinde ulikuwa bado umeshikwa na mkonga wake kwenye matawi, peke yake, bila mkono wa mtu. Umetulia. Umelala sawasawa kabisa, mbele na nyuma.

Idi alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Sisi tuliobaki tuliitwa kwenye hema la kulia chakula. Mwindaji bingwa alieleza alichokiona: nyati alipita kushoto, na kushoto hapakuwa na mtu. Mkuu wa kambi, yule mwanafunzi wangu, akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Nieleze wewe, maana wewe nakujua, huwezi kunidanganya. Idi alikuwa wapi?"

Nikajibu, "Aliacha nafasi yake."

Maneno matatu, Yuniki, na yote matatu yalikuwa kweli. Hakuniuliza kwa nini aliiacha, na mimi sikusema. Niliogopa kuanza na mkonga, maana kambi nzima ilisikia Idi akiniambia niukate. Niliogopa uso wa mwanafunzi wangu. Nikajiambia Idi akipona nitasema. Idi alipona, akarudi anachechemea, akakuta hukumu imeshatoka: mfuata nyayo anayeacha nafasi yake haaminiki tena porini. Wakampeleka jikoni. Kuni, maji, moto. Mtu aliyesoma majani kama mimi ninavyosoma kitabu.

Nilimsubiri aseme. Hakusema. Siku ninaondoka alinibebea mfuko mpaka kwenye gari. Mgeni hakutaka kuuona upinde tena, akaniachia, na Idi ndiye aliyeutia garini. "Mwalimu," alisema, "salimia nyumbani." Basi.

Sasa unajua lile dumu la asali linatoka wapi. Kila mwaka, nyuki wa Idi wakimaliza kujaza mizinga, linafika na basi la Manyoni, limefungwa mfuniko kwa mpira wa baiskeli, na siku hiyo hiyo simu inaita.

"Mwalimu, asali imefika?"

"Imefika."

"Binti anakula?"

"Anakula."

"Haya."

Umelelewa kwa asali ile. Uliwahi kuniuliza kwa nini mimi sili, nikasema meno. Sijawahi kujua kama Idi ananitumia msamaha au ananitumia swali. Nimegeuza jambo hilo miaka yote hii kama mtu anayetafuta upande wa kufungua kopo lisilo na upande. Singeweza kulikataa dumu bila kueleza sababu, na wala singeweza kulipokea kama mtu huru.

Umeniona nikikaa karibu na mlango kanisani, ukanitania kwamba nataka kuwahi chakula. Umeniona, mizabibu yetu ikishika majani, nisiingie katikati ya mistari, nikutume wewe. Mama yako hudhani ni uvivu wa wastaafu. Sivyo. Majani yakinigusa pande zote mbili, mkono wangu wa kushoto unakakamaa wenyewe.

Ulipokuwa kidato cha pili ukautoa upinde stoo na kuniomba nikufundishe, nilipaswa kukataa au kusema yote. Nilifanya la tatu, ambalo ndilo baya. Nilikwenda kwa fundi vyuma mmoja Majengo, nikatengeneza mkonga mfupi: bomba la alumini, washa tatu za chuma za kuongeza uzito, na kipande cha mpira wa tairi cha kumeza mtikisiko. Shubiri moja na nusu, kama Idi alivyosema. Nikaurudisha nyumbani, nikaushika, nikajua kwamba nikikufundisha kwa huo siku moja utauliza kwa nini mfupi wakati mrefu unatuliza zaidi. Nikauweka kwenye droo. Nikakufundishia mrefu, pale ukingoni mwa bwawa maji yakipungua, kwenye uwazi, ambako mkonga mrefu hauna kosa hata moja. Ukawa hodari. Kila mshale uliotua kwenye gunia nilikupigia makofi, na kila mshale ulikuwa unauzoesha mkono wako kitu ambacho kule kitakunasa.

Ulipopata nafasi ya kujifunza kazi chini ya mwindaji bingwa, na kambi ikawa ile ile, mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mabomba ya maji.

Leo alasiri nilimpigia Idi. Hakuna mwaka niliowahi kumpigia mimi.

"Mwalimu! Asali bado, nyuki wamechelewa."

"Sio asali, Idi. Yuniki anakuja huko kesho."

"Tunajua. Huku jikoni tumeshagombana nani ampikie ugali wa kwanza." Akacheka. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Anakuja na mkonga gani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mwalimu, unanisikia? Nimeuliza mkonga gani."

"Mrefu."

Nilimsikia akihema. Nyuma yake sufuria zilikuwa zikigongana.

"Mimi siku hizi niko jikoni, Mwalimu," akasema. "Sitakuwepo kumkatia kitanzi."

Akakata simu bila kuaga. Katika miaka yote hii hajawahi kufanya hivyo. Nimekaa na simu mkononi mpaka mama yako akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kwa hiyo nakuandikia. Sikuombi unisamehe, si wewe uliyechomwa pembe. Ila usifike kule ukiwa umebeba jina langu kama kitu safi, ukamwona mzee anachechemea na kuni ukamwambia "shikamoo" kisha ukapita. Ukimwamkia, simama. Kaa naye. Kama atakubali kukufundisha kusoma majani, msikilize kuliko utakavyomsikiliza mtu mwingine yeyote kambini, bingwa akiwemo.

Kesho saa tatu, ukiwa bado njiani, nitampigia mkuu wa kambi, bado ni yule mwanafunzi wangu, na kumaliza sentensi niliyoikata katikati: aliacha nafasi yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimenasa. Nataka ufike baada ya ukweli, si kabla yake. Lakini najijua. Nimewahi kuwa na hakika wakati upinde haujavutwa. Ukifika ukakuta mkuu hajui kitu, basi nimeshindwa tena, na una ruhusa yangu kumpa barua hii aisome yote.

Kuhusu mkonga mfupi, sitakudanganya: hautatulia kama ule uliouzoea. Kwenye hatua hamsini utauona upinde unacheza. Hiyo si hitilafu. Ufupi wake unakulazimisha usogee mpaka hatua ishirini, na usipoweza kusogea, usifyatue. Kilengeo na podo la mishale viko kulia, kwa hiyo kile chuma kidogo cha nyuma kiache kushoto kama kilivyo, kivisawazishe. Ukifumba macho na kuvuta utajua kama kinatosha. Mkono utahitaji majuma kadhaa kusahau nilichoufundisha. Upe. Na kitanzi cha kiganjani sikukiweka kipya. Uliniuliza mara nyingi kiko wapi. Kimebaki kule vichakani, kimekatwa vipande viwili.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako, na utaisoma kabla ya watu wengine kuamka, kama ulivyo. Mkonga mfupi uko kwenye droo ya kushoto ya meza yangu. Asubuhi hiyo, kabla hujanywa chai, fungua mfuko wa upinde, utoe mkonga mrefu kwenye khanga ya mama yako, na uuache mezani kwangu.

Baba yako